Kuziba au Kukausha? Unyevu katika Kuta za Majengo Kongwe ya Mawe na Nafasi ya Istilahi za Kiswahili za Uashi

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna unyevu unavyoingia, unavyokaa na unavyotoka katika kuta za majengo kongwe ya mawe, na kuonesha kwamba maneno yanayotumiwa katika hati za ukarabati huamua kwa kiasi kikubwa kazi inayofanyika ukutani. Mfano mkuu ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako kuta zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa zimekuwa zikirekebishwa kwa saruji. Hoja ya makala ni kwamba unyevu katika ukuta wa chokaa hauponi kwa kuzibwa, bali kwa kupewa njia ya kutoka na muda wa kutoka. Kiswahili kina istilahi za kuieleza tiba hiyo, lakini nyingi zimebaki midomoni mwa waashi na katika kurasa za kamusi. Makala inahitimisha kwa kuiangalia Kigali, ambako sheria ya urithi, taasisi ya lugha na hadhi mpya ya Kiswahili vimekutana, na inatoa mapendekezo kwa watunga sera.

Istilahi za msingi: unyevu, chokaa, saruji, uashi, lipu, urithi

1.0 Utangulizi

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hutumiwa leo zaidi katika malezi na siasa kuliko katika ujenzi. Ikirudishwa kwenye ukuta wenyewe, huzua swali ambalo wengi wa wanaoitumia hawalisikii tena: ufa uzibwe kwa kitu gani? Kwa mwashi wa pwani wa karne ya 19 swali hilo lilikuwa na jibu moja, kwa kuwa ukuta ulijengwa kwa chokaa na ufa ulizibwa kwa chokaa. Kwa fundi wa leo, anayefika kazini na mfuko wa saruji, majibu ni mawili, na moja kati ya hayo linaweza kuuharibu ukuta ambao methali inataka kuuokoa.

Swali hili si la mafundi peke yao. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash bin Said, iliporomoka wakati kazi za ukarabati zikiendelea, na watu wawili walifariki dunia. Sehemu nyingine ya jumba hilo ilikuwa imeanguka mwaka 2012. Maporomoko ya jengo kubwa kama hilo hayana sababu moja, na makala hii haikusudii kuyachunguza. Yanatajwa hapa kwa sababu yaliwakumbusha wakazi wa Afrika Mashariki jambo ambalo ni rahisi kusahauliwa: jengo kongwe la mawe si picha ya kadi ya posta. Ni mzigo wa tani nyingi unaokaa juu ya vichwa vya watu, na uimara wake hutegemea hali ya vitu visivyoonekana ndani ya ukuta.

Unyevu ni kimojawapo, na pengine ndicho kinachodharauliwa zaidi. Doa la unyevu huchukuliwa kuwa kasoro ya sura, jambo la kupakwa rangi kabla ya wageni kufika. Makala hii inaanza kwa kueleza ukuta wa mawe na chokaa ulivyo, kisha inapambanua aina za unyevu, inaeleza athari za saruji na mpangilio wa tiba, halafu inageukia lugha: kwa nini tiba inayojulikana haifiki kwenye mikataba, na nini kinaweza kufanywa.

2.0 Ukuta wa Mawe na Chokaa

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Desturi hiyo ni ya pwani nzima: inaonekana katika magofu ya Kilwa Kisiwani, katika nyumba za Lamu na katika mitaa ya kale ya Mombasa na Bagamoyo. Kuta ni nene, mara nyingi sentimita 50 au zaidi. Nyuso mbili za nje hupangwa kwa mawe yaliyochaguliwa, na katikati hujazwa vijiwe na udongo wenye chokaa. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliowekea vyumba vya pwani upana wao mwembamba.

Sifa kuu ya ukuta wa namna hii ni kwamba hauzuii maji. Unayapokea na kuyarudisha. Jiwe la matumbawe limejaa vinyweleo, na chokaa vilevile. Mvua ya masika ikiupiga ukuta, tabaka la nje hunywa maji. Jua na upepo vikirejea, maji yaleyale hutoka kama mvuke. Waashi husema ukuta unapumua. Usemi huo ni wa kisitiari, lakini unaeleza kwa usahihi mwendo wa mvuke kutoka ndani ya ukuta kwenda hewani. Ukuta wa chokaa huishi kwa mizani: maji yanayoingia katika mwaka yasizidi maji yanayoweza kutoka.

Chokaa yenyewe ina safari inayofaa kufahamika na mtunga sera. Mawe ya chokaa huchomwa katika tanuri hadi joto la nyuzi 900 za Selsiasi hivi, yakatoa kabonidayoksaidi. Kinachobaki huzimwa kwa maji, nacho hufoka na kutoa joto jingi. Chokaa iliyozimwa huachwa ndani ya shimo kwa wiki au miezi mpaka iwe laini kama siagi. Ikishapakwa ukutani, huanza kuirudisha ndani yake ileile kabonidayoksaidi iliyoipoteza tanurini, na polepole hugeuka kuwa jiwe tena. Kazi hiyo ya mwisho huhitaji hewa, unyevu kidogo na muda. Anayeharakisha chokaa huharibu chokaa.

3.0 Aina za Unyevu

Neno unyevu hutumika kwa hali zote za majimaji ukutani. Matumizi hayo yanatosha katika mazungumzo, lakini hayatoshi katika uchunguzi, kwa kuwa kila chanzo kina dawa yake. Hali nne zinapaswa kutenganishwa.

(a) Unyevu wa kupanda. Maji ya ardhini hupanda ndani ya vinyweleo vya ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa koroboi. Dalili yake ni mstari wa doa unaokwenda sambamba na sakafu, aghalabu chini ya mita moja na nusu, ukiwa na ukingo mweupe wa chumvi kwa juu. Kupanda huko hukoma mahali ambapo maji yanayovukizwa yanalingana na yanayopanda.

(b) Unyevu wa kupenya. Maji ya mvua huingia kutoka nje kupitia nyufa, lipu iliyobanduka, au ukuta unaoelekea upande wa pepo za mvua. Doa lake halifuati mstari. Huonekana mahali palipopigwa, na hukolea baada ya mvua.

(c) Unyevu wa kuvuja. Chanzo chake ni paa bovu, mfereji wa paa uliojaa majani, bomba lililopasuka au bafu lililoongezwa ghorofani katika nyumba ambayo haikujengwa kubeba bafu. Huu ndio hatari zaidi kwa watu, kwa sababu mara nyingi hufika kwenye vichwa vya boriti, mahali ambapo mbao zimeingia ukutani na kuoza kwake hakuonekani.

(d) Unyevu wa jasho. Hewa yenye mvuke mwingi ikikutana na uso wa baridi huacha matone. Hutokea katika vyumba vilivyofungwa madirisha, vyenye jiko, au vyenye kiyoyozi kinachopoza ukuta ambao upande wake wa pili umezungukwa na hewa ya fukuto. Alama yake ni kuvu nyeusi pembeni mwa dari na nyuma ya makabati.

Pamoja na hali hizi nne huenda chumvi. Maji yanayopita ukutani huyeyusha chumvi za udongo, za bahari na za vyoo vya kale. Yakifika usoni hukauka na kuziacha. Chumvi hujiunda kuwa fuwele ndani ya vinyweleo, na fuwele zikikua husukuma kuta za vinyweleo hivyo mpaka zipasuke. Unga mweupe unaodondoka chini ya ukuta ni ukuta wenyewe unaotafunwa. Chumvi pia hudanganya vipimo. Kifaa cha mkononi kinachopima unyevu kwa njia ya umeme husoma chumvi kana kwamba ni maji, na kwa sababu hiyo kipimo chake kwenye ukuta wa pwani hakipaswi kuwa ushahidi pekee. Kuchukua sampuli ya ukuta, kuipima uzito, kuikausha na kuipima tena ni njia ya polepole, lakini husema kweli.

4.0 Saruji juu ya Ukuta wa Chokaa

Saruji ni kiungo bora katika kazi iliyokusudiwa. Tatizo huanza inapopakwa juu ya ukuta ulio laini kuliko yenyewe. Lipu ya saruji ni ngumu na ina vinyweleo vichache, ilhali ukuta wa chokaa ulio nyuma yake hutanuka, hunywea na hutikisika kidogo kila siku. Tabaka gumu likishindwa kufuata mwendo huo, hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Nyufa hizo zinatosha kuvuta maji ya mvua ndani, ila hazitoshi kuyatoa. Maji huingia kupitia ufa na kukuta uso mzima umefungwa.

Hapo mizani iliyoelezwa katika sehemu ya 2.0 huvunjika. Maji yanayopanda kutoka ardhini, yakikosa mahali pa kutokea kwenye mita ya kwanza, huendelea kupanda hadi mahali ambapo saruji imeishia. Ndiyo maana mwenye nyumba aliyepiga lipu ya saruji hadi kiunoni huona, baada ya misimu michache, doa likitokeza kifuani. Akipandisha saruji hadi kifuani, doa hufika mabegani. Kila mara anaamini kwamba unyevu umeongezeka na saruji haikutosha, kumbe saruji ndiyo inayoupandisha.

Ndani ya ukuta hali huwa mbaya zaidi. Udongo mwekundu ulioshika vijiwe vya katikati hupoteza nguvu ukiloa kwa muda mrefu. Nyuso mbili za ukuta huanza kuachana, na ukuta hutoa tumbo. Vichwa vya boriti huoza na kukaribisha mchwa. Haya yote hutendeka nyuma ya lipu iliyonyooka, iliyopakwa rangi vizuri. Hii ndiyo sababu unyevu uliozibwa ni hatari kuliko unyevu unaoonekana: ukuta wa chokaa unaougua hutoa taarifa mapema, ilhali ukuta uliofunikwa kwa saruji hunyamaza hadi siku ya kuanguka.

Rangi za mafuta na rangi za plastiki hufanya kazi hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Sindano za kemikali zinazopigwa chini ya ukuta ili kuweka kizuizi cha maji nazo zina mipaka yake. Katika ukuta mnene wenye mashimo katikati, kemikali hutiririkia kwenye mashimo hayo na kuacha njia nyingi za maji zikiwa wazi.

5.0 Mpangilio wa Tiba

Tiba ya unyevu haina siri, ina mpangilio. Ukiukwaji wa mpangilio huo ndio unaopoteza fedha.

Hatua ya kwanza ni kutazama juu. Paa, mifereji ya paa na mabomba ya kushushia maji vikaguliwe wakati mvua inanyesha, si siku ya jua. Mara nyingi doa lililotafutiwa dawa ya gharama ardhini hutokana na mfereji mmoja ulioziba paani.

Hatua ya pili ni kutazama chini. Katika miji ya kale njia huinuka kadiri zinavyotengenezwa tena na tena, hata sakafu ya nyumba ikawa chini kuliko barabara. Ardhi iliyopanda hadi ukutani ishushwe pale inapowezekana, na mtaro uelekeze maji mbali na msingi. Sakafu za zege zilizomwagwa ndani ya chumba na uwanja uliosakafiwa nje husukuma maji ya ardhini kuelekea ukutani, kwa kuwa ndiko njia pekee iliyobaki wazi.

Hatua ya tatu ni kuvua. Lipu ya saruji iondolewe kwa patasi na kwa uangalifu, kwani ukuta ulioshikwa na tabaka gumu kwa miaka mingi unaweza kuwa umelegea nyuma yake. Kabla ya kuvua, mhandisi athibitishe kwamba ukuta unajibeba, na pale penye shaka uegemezwe kwa nguzo.

Hatua ya nne ni kusubiri. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wahifadhi wa majengo ni takribani mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ukuta wa sentimita 60 unaokaukia pande zote mbili una milimita 300 za kukausha kila upande, yaani karibu mwaka mmoja. Hakuna tangazo la biashara linaloweza kuufupisha mwaka huo bila kuudanganya ukuta.

Hatua ya tano ndiyo ya kurudisha. Mianya hutomewa kwa vijiwe na chokaa, kisha hupigwa lipu ya chokaa na mchanga kwa matabaka membamba, kila tabaka likiachwa lishike kabla ya lingine, huku likikingwa na jua kali na kunyunyiziwa maji. Mwisho hupakwa chokaa ya maji, ambayo itarudiwa kila baada ya misimu michache. Lipu ya kwanza juu ya ukuta wenye chumvi nyingi haitadumu, na haikusudiwi kudumu. Hubeba chumvi, hubomoka badala ya jiwe, kisha hubadilishwa. Anayeihesabu kuwa kazi mbovu hajaelewa kazi yake.

Tiba hii ina gharama ya mazingira isiyopaswa kufichwa. Kuvunja matumbawe hai na kukata mikoko kwa ajili ya tanuri ni kuponya ukuta kwa kuumiza bahari. Mawe ya chokaa ya nchi kavu na tanuri zinazotumia nishati kidogo ndiyo njia inayostahili kuandikwa katika sera. Kilwa Kisiwani inaonesha kwamba urithi na mazingira vinaweza kwenda pamoja. Magofu yake yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya miaka ya ukarabati na kazi za kukinga ufuo, zikiwemo za kupanda mikoko.

6.0 Neno Linavyouongoza Mkono

Ikiwa tiba inajulikana, kwa nini saruji inaendelea kupakwa? Bei na upatikanaji ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine imo katika lugha ya hati.

Neno la kwanza la kuchunguzwa ni lipu. Kamusini lipu ni tabaka la kulainisha uso wa ukuta, bila kutaja kiungo. Katika matumizi ya sasa ya sehemu za kazi, hata hivyo, kupiga lipu ni kupiga saruji na mchanga, isipokuwa msemaji aseme vingine. Jedwali la vipimo na gharama likiandika tu kwamba lipu iliyobanduka irekebishwe, limekwisha kuchagua saruji bila mtu yeyote kuichagua. Mkandarasi hakukiuka mkataba. Mkataba ulinyamaza, na mazoea yakazungumza badala yake.

Neno la pili ni chokaa. Siku hizi huwapeleka wasikilizaji wengi kwenye weupe: rangi ya ukutani, mistari ya uwanja wa mpira. Maana ya kiungo cha kujengea imefifia. Kwa hiyo agizo la kutumia chokaa linaweza kutimizwa, kwa nia njema kabisa, kwa kupaka maji ya chokaa juu ya lipu ya saruji. Istilahi zinazotofautisha zinahitajika: chokaa ya kujengea, chokaa ya lipu, chokaa ya maji.

La tatu ni kitenzi. Hati na mazungumzo kuhusu unyevu hutawaliwa na vitenzi vya kuzuia: kuziba, kukinga, kuzuia maji. Vitenzi hivyo vinafaa kwa tangi na paa. Kwa ukuta wa chokaa vitenzi sahihi ni vya kutoa: kukausha, kupunga, kupumua. Tofauti hii si ya mapambo. Mtu aliyeagizwa kuziba atatafuta kitu kigumu kilicho karibu. Aliyeagizwa kukausha atalazimika kwanza kuuliza maji yanatoka wapi na yatokee wapi.

Kiswahili hakianzii patupu. Kitenzi kuaka, kujenga kwa mawe na chokaa, ndicho kilichozaa mwashi na uashi. Kutomea ni kujaza mianya ya ukuta kwa vijiwe na chokaa. Kukandika ni kupaka udongo ukutani. Kuzima chokaa, tanuri, boriti, sakafu na dari ni maneno ya mfumo mmoja wa ujuzi. Kila moja hubeba hatua ya kazi, na likipotea, hatua hiyo hupotea nalo. Fundi kijana asiyelijua neno kutomea hujaza mwanya wa kina cha sentimita kumi kwa mchanganyiko mtupu, nao hunywea, hupasuka na kuanguka. Neno hilo lingemwambia atie vijiwe.

Hati za zabuni za miradi ya uhifadhi, hasa inayofadhiliwa na mashirika ya kimataifa, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Kazi yenyewe huelekezwa kwa Kiswahili. Kati ya lugha hizo mbili yupo msimamizi anayetafsiri kwa mdomo, juu ya jukwaa la mbao, bila istilahi zilizokubaliwa. Hapo ndipo ukuta hupotezwa.

7.0 Kigali: Ukuta wa Bara na Lugha ya Eneo

Msomaji wa Kigali anaweza kuuliza matumbawe yanamhusu nini. Mji huu, ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, haukujengwa kwa mawe ya bahari. Majengo yake ya kale, yakiwemo nyumba inayobeba jina la Kandt ambayo sasa ni makumbusho, kanisa la Sainte-Famille la mwaka 1913, na gereza la zamani linalojulikana kwa jina la 1930, ni machache na yana historia tofauti. Makala hii haidai kwamba jengo lolote kati ya hayo lina hitilafu fulani. Inachodai ni kwamba fizikia ya vinyweleo haina uraia. Tofali la kuchoma, tofali la udongo liitwalo rukarakara na msingi wa mawe vyote hunywa maji na vyote huhitaji kuyatoa. Rukarakara iliyovikwa saruji huugua ugonjwa uleule wa ukuta wa Zanzibar, tena kwa haraka zaidi, kwa sababu kinacholoa ni udongo.

Vilima vya Kigali huongeza jambo ambalo pwani haina. Nyumba nyingi hukaa kwenye ngazi iliyokatwa mlimani, na ukuta wa nyuma hupokea maji yanayoteremka ardhini kutoka juu. Maji hayo hayazuiwi kwa lipu ya ndani. Huondolewa kwa mtaro uliochimbwa nyuma ya ukuta kabla hayajaufikia.

Kinachohifadhiwa ndani ya kuta ni sababu nyingine ya kulitilia swali hili uzito. Ukuta ukiloa, karatasi, mbao na nguo zilizomo ndani nazo huharibika. Mwaka 2023 maeneo manne ya kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, yaani Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Katika nchi yenye urithi wa namna hiyo, kudhibiti unyevu ni kulinda ushahidi.

Rwanda ina nyenzo za kulishughulikia jambo hili. Sheria ya mwaka 2016 inahusu kwa pamoja hifadhi ya urithi wa utamaduni na ujuzi wa jadi. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi. Mwaka 2020 kuliundwa Inteko y'Umuco, taasisi iliyounganisha makumbusho, akademia ya lugha na nyaraka za taifa. Kwa hiyo anayetunza kuta na anayetunza maneno wako chini ya paa moja. Katika ngazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar, hatua chache kutoka kwenye kuta zinazojadiliwa hapa.

Lugha zenyewe zinasaidia. Kinyarwanda husema urukuta pale Kiswahili kinaposema ukuta, umufundi pale penye fundi, itafari pale penye tofali. Chokaa huitwa ishwagara, lakini neno hilo hufahamika zaidi kwa mkulima anayepunguza asidi ya shamba kuliko kwa mjenzi. Bidhaa ipo, neno lipo. Kinachokosekana ni daraja kati ya shamba na ukuta. Kuunda daraja la namna hiyo ni kazi ya istilahi, na ni rahisi kuliko kuunda neno jipya.

Lipo pia suala la kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali nyingi za Afrika Mashariki huisha tarehe 30 Juni. Mvua ndefu, masika kwa Waswahili na itumba kwa Wanyarwanda, hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Idara inayotaka kumaliza fungu lake kabla ya mwaka kufungwa hujikuta ikipiga lipu na kupaka rangi katika majuma ambayo ukuta umejaa maji kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka. Rangi hukamilika Juni, malipo hufanyika, na doa hurudi kabla ya vuli. Hakuna aliyefanya ubadhirifu. Kalenda mbili hazikusikilizana.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kwamba unyevu katika ukuta wa chokaa ni suala la mizani kati ya maji yanayoingia na yanayotoka, kwamba lipu ya saruji huivunja mizani hiyo, na kwamba hati zinazotumia maneno yasiyo na ukomo huiruhusu saruji hata pale ambapo kila mtaalamu angeikataa. Kutokana na hoja hizo, yanapendekezwa yafuatayo.

(i) Kila hati ya ukarabati wa jengo kongwe itaje kiungo kwa jina. Neno lipu lisisimame peke yake.

(ii) Malipo ya kwanza ya mradi yawe ya uchunguzi wa chanzo cha unyevu, uliofanywa walau mara moja wakati wa mvua, na taarifa yake itenganishe unyevu wa kupanda, wa kupenya, wa kuvuja na wa jasho.

(iii) Muda wa kukausha uandikwe katika ratiba kama kazi, na fungu lake liruhusiwe kuvuka mwaka wa fedha. Bila hilo, mapendekezo mengine yatabaki maandishi.

(iv) Inteko y'Umuco, Kamisheni ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA washirikiane kuandaa faharasa fupi ya uashi kwa Kiswahili na Kinyarwanda, itakayoambatishwa kwenye mikataba ili iwe na nguvu ya kisheria badala ya kukaa rafuni.

(v) Waashi wazee warekodiwe wakiwa kazini, si wakiwa kwenye viti. Maneno mengi ya kazi hayatamkwi mpaka mkono ushike mwiko.

Pendekezo la mwisho ndilo lenye haraka zaidi. Saruji inaweza kuvuliwa na paa linaweza kuezekwa upya, lakini neno la kazi ambalo msemaji wake wa mwisho amefariki bila kurekodiwa ni vigumu kulirudisha pamoja na ujuzi uliolizaa. Methali itaendelea kuwaambia watu wazibe ufa. Ni wajibu wa watafiti wa lugha na watunga sera kuhakikisha kwamba fundi atakayeitii atakuwa bado anajua wa kuuzibia nini, na wakati gani wa kuuacha wazi ukauke.